Maswali Yenu: Wakala Hana Mama wa Uani

Barua nne nilizochagua mwezi huu zinazunguka jambo moja: programu zetu tuziandikie maelezo gani ili wakala wa akili unde azitumie bila kuwapotosha watu? Neno "wakala" lisiwachanganye. Hapa kwetu wakala ni yule wa kibandani anayetutolea pesa za simu. Katika ukurasa huu ni modeli ya lugha iliyopewa ruhusa ya kuendesha programu nyingine kwa niaba ya mtu: kuangalia bei, kuandikisha mzigo, kutuma ujumbe, hata kulipa. Kila kazi ya namna hiyo anayowekewa wakala huitwa zana.

SWALI: Dada, salamu kutoka Bwera, Kasese. Nimekitengenezea chama chetu cha wakulima wa kahawa mfumo wa maswali kwa simu. Mkulima anaandika swali, wakala anachagua zana moja kati ya kumi na moja nilizomwekea, kisha anajibu. Shida ni kwamba mkulima akiuliza bei ya kahawa isiyokobolewa, "kiboko leo ngapi?", mara anapewa bei ya kase, ile iliyokobolewa, mara anaambiwa hakuna bei. Mama mmoja alijibiwa kwamba mfumo hauna taarifa za wanyamapori. Nimebadilisha modeli mara mbili, hali ni ile ile. Rafiki yangu ananishauri nilipie modeli kubwa zaidi. Unasemaje?

JIBU: Mdogo wangu, weka pesa yako. Nimesoma maelezo ya zana uliyoyaambatanisha na barua, na tatizo limelala mle mle. Zana ya nne umeiandika hivi, na hayo ndiyo maelezo yote:

angalia_bei: Inaangalia bei. Vigezo: aina, eneo, tarehe.

Hebu yasome kama mtu aliyeshuka kwenye basi leo na hajawahi kuona shamba la kahawa. Bei ya kitu gani? Ya kilo au ya gunia? Mnayonunulia au mnayouzia? Aina zipo ngapi, na zinaitwaje? Wewe ukisoma huoni pengo lolote kwa sababu kichwa chako kinaziba kila tundu kabla jicho halijalifikia.

Wakala haoni msimbo wako wala hifadhidata yako. Anachoona ni jina la zana, maelezo yake, na vigezo vyake, yaani vitu anavyopaswa kuipa zana ili ifanye kazi. Ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol (MCP), utaratibu ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024 na ambao sasa unatumiwa sana kuunganisha modeli na programu: kila zana hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo, na kwa muundo wa vigezo ulioandikwa kwa JSON Schema, lugha ya kompyuta ya kueleza ni data ya namna gani inakubaliwa. Kwa hiyo neno "kiboko" likimfikia wakala, anabaki na maana alizokutana nazo kwingine: mnyama wa mtoni, au mjeledi. Robusta iliyokaushwa na ganda lake haimo popote katika maneno uliyompa. Tena kwenye hifadhidata umeiita RK, na siri ya RK unaijua peke yako.

Nikueleze nilikojifunzia jambo hili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa mizani katika stoo moja ya kahawa upande wa Masaka. Karani aliyenitangulia aliondoka ghafla, akaacha daftari la bei lenye safu tatu: K, S na B. Hakuandika popote maana yake. Siku ya tatu mzee mmoja akaleta magunia manne ya kiboko. Nikaitazama safu ya K, nikapiga hesabu, nikaanza kuhesabu noti. Kumbe K ilikuwa kase. Kase ni kahawa iliyokwisha kukobolewa, na kilo mia za kiboko zikikobolewa hubaki karibu nusu tu, kwa hiyo bei zake zinaachana sana. Nilikuwa nakaribia kumlipa mzee yule kama mara mbili ya haki yake, na hasara ingekatwa kwenye mshahara wangu.

Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa akichambua kahawa uani. Alinisikia nikitaja bei, akaweka ungo chini, akaja mpaka dirishani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hiyo ni ya kase. Kiboko ni B." B ya nini? Ya "bado", yaani bado haijakobolewa. S ilikuwa sampuli. Stoo nzima ilijua, na hakuna aliyewahi kuandika.

Wakala wako hana mama wa uani. Akifika kwenye B asiyoielewa, atakisia, na atakisia kwa lugha fasaha yenye kujiamini, ndiyo maana mkulima haoni kosa. Kwa hiyo yale anayoyajua mama wa uani yaandike ndani ya maelezo. Ningeiandika zana yako hivi:

bei_ya_kununua_kahawa: Inarudisha bei ambayo chama kinanunulia kahawa kwa mkulima, kwa shilingi za Uganda, kwa kilo moja. Itumie mkulima anapouliza bei ya leo au ya siku iliyopita. Usiitumie kwa bei za soko la dunia wala kukisia bei ya kesho. Hakuna zana ya mambo hayo, mwambie mkulima hivyo. Ikiwa siku hiyo bei haikutangazwa, inarudisha bei ya mwisho iliyotangazwa pamoja na tarehe yake. Mtajie mkulima tarehe hiyo.

aina (lazima): moja kati ya RK, RF, AD. RK ni kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na ganda lake, haijakobolewa. RF ni kase, robusta iliyokobolewa. AD ni drugar, arabika iliyokaushwa na ganda lake. Mkulima akisema "kahawa" bila kutaja aina, muulize kwanza.

tarehe (si lazima): mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2025-03-04. Ikiachwa, inachukuliwa kuwa leo kwa saa za Kampala.

Ni marefu kuliko yako, lakini tazama kila sentensi inafanya kazi gani. "Kwa kilo moja" inamzuia wakala asizidishe kwa gunia. Orodha ya RK, RF na AD ni orodha funge, na JSON Schema inakuruhusu kuifunga kabisa, ili thamani yoyote nyingine ikataliwe mlangoni badala ya kurudi na jibu tupu. Mfano wa tarehe umewekwa kwa sababu 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Kigezo cha "eneo" nimekiondoa kwa sababu nilipokupigia simu uliniambia chama kina bei moja tu kwa vituo vyote. Kigezo kisicho na kazi kinamfanya wakala amsumbue mkulima kwa swali lisilohitajika, au abuni jibu.

Sentensi ninayoithamini kuliko zote ni ile ya "usiitumie". Waandishi wengi wa maelezo hueleza zana inaweza nini, halafu wanaishia hapo. Karani mzuri unamtambua kwa kujua mahali pa kusema "hilo siwezi, nenda dirisha lile".

Tena nimeona una zana tatu za bei: angalia_bei, pata_bei na bei_mpya. Nilipokuuliza tofauti yake ulikaa kimya kidogo, kisha ukasema pata_bei ni ya zamani. Ifute leo. Kama mwenye mfumo anasita kuzitofautisha, wakala atatupa kete. Isitoshe, kwa kawaida maelezo ya zana zote hupakiwa kwenye kumbukumbu ya mazungumzo kabla mkulima hajaandika neno lolote, hivyo zana isiyo na kazi inakula nafasi katika kila swali.

Ukishaandika upya, usimpe wakala kwanza. Mpe mtu. Tafuta ndugu asiyejua kahawa, mpe karatasi ya maelezo na maswali kumi ambayo wakulima waliyauliza kweli, na makosa yao ya tahajia yabaki. Mwambie aandike kwa kila swali: zana ipi, na thamani gani katika kila kigezo. Pale atakapoinua kichwa na kusema "sasa hapa…", umepata sentensi inayokosekana. Halafu mpe wakala maswali yale yale, na usome alichokituma kwa zana, maana jibu zuri linaweza kutoka kwenye ombi bovu kwa bahati tu, na bahati hiyo haitakuwepo msimu ujao.

SWALI: Dada, mimi ni mhasibu wa SACCO mjini Arua. Tuna wakala anayetuma ujumbe na kutoa mikopo midogo kwa simu. Meneja alimwandikia: "Watumie wanachama ukumbusho kesho saa mbili." Simu zikalia saa nane za usiku. Wiki iliyofuata mtandao ulikatika katikati ya malipo, na mwanachama mmoja akapokea mkopo wake mara mbili. Aliyetutengenezea mfumo anasema ni kosa la akili unde. Ni kweli?

JIBU: Ndugu mhasibu, nimesikitika kwa ajili ya wanachama wenu. Simu ikilia saa nane za usiku, mtu hufikiri ni msiba.

La saa ni rahisi kulieleza. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na ndugu zetu wanaozungumza Kiganda wanahesabu vivyo hivyo. Saa mbili asubuhi kwa mashine ni 08:00. Zana yenu inasema tu "saa: muda wa kutuma". Wakala ameiona 2, ameandika 02:00, na 02:00 ndiyo saa nane yetu ya usiku. Maelezo yaseme hivi: muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya UTC kwa saa tatu; mtumiaji anayeandika Kiswahili huhesabu saa kwa mtindo wa Kiswahili, hivyo "saa mbili asubuhi" ni 08:00 na "saa mbili usiku" ni 20:00; asipotaja asubuhi au usiku, muulize; kabla ya kutuma, mrudishie muda kwa maneno aliyoyatumia yeye. Meneja wenu angeulizwa "asubuhi au usiku?" angejibu kwa neno moja, na Arua ingelala.

La malipo ni zito zaidi. Mlinitumia picha ya kilichotokea: zana ililipa, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, na wakala akapokea maneno mawili, "Kosa 500". Jiweke mahali pake. Umetumwa kulipa, mlango umefungwa usoni pako, na hukuambiwa kama pesa imepokelewa. Akajaribu tena. Maneno hayo mawili hayakumpa sababu ya kufanya vingine.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo ya zana, tena ndiyo sehemu inayosomwa wakati mambo yamekwisha kuharibika. Katika utaratibu ule wa MCP, zana ikishindwa inaweza kurudisha kosa ndani ya matokeo yenyewe, na lengo ni modeli ilisome na kujirekebisha. Basi itumieni nafasi hiyo. Ujumbe ungesema: "Haijulikani kama malipo yamefika. Usilipe tena. Tumia angalia_muamala kwa namba ya muamala uliyoituma; kama haijaonekana baada ya majaribio matatu, mwarifu mhasibu." Wakala aliyesoma maneno hayo anajua hatua ya pili, na anajua mahali pa kusimama.

Ila maneno matupu hayalindi pesa, na hapa sikubaliani na fundi wenu. Kila ombi la malipo libebe namba ya muamala iliyotungwa kabla ya kulipa, na seva ikipokea namba ile ile mara ya pili irudishe jibu la kwanza bila kutoa shilingi. Hiyo ni kazi ya seva, na mifumo ya malipo ilikuwa ikiifanya kabla ya mawakala hawa kuwapo, kwa sababu hata binadamu hubonyeza mara mbili. MCP pia ina alama za kuonyesha kwamba zana fulani inasoma tu, au inaharibu, au inaweza kurudiwa bila madhara. Ziwekeni, lakini jueni kwamba ni dokezo kwa anayeitumia zana, hazifungi mlango. Malipo ya mkopo yaidhinishwe na mtu mwenye jina lake kwenye daftari. Nasema hivi kwa sababu pesa ya SACCO ni ya mama wa soko aliyeiweka elfu tano tano.

Kwa haraka, mambo mawili niliyoyaona humo humo. Namba ya simu iwe maandishi. Mkiitangaza kuwa tarakimu, ile sifuri ya mbele inapotea. Na kiasi andikeni "shilingi nzima, 50000 ni elfu hamsini", kwa sababu mifumo mingi ya malipo ya nje huhesabu kwa senti, na modeli zimekutana sana na maelezo yao. Siku moja wakala angezidisha kwa mia.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Jinja, na jioni namsaidia mke wangu na mgahawa wake. Wakala anapokea oda za chakula kwa simu. Maelezo ya zana niyaandike kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?

JIBU: Mwalimu, yote mawili yanawezekana. Modeli zimefundishwa kwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza, na ukiyaandika kwa Kiingereza hutakosea. Modeli kubwa za leo zinasoma Kiswahili vizuri pia. Jaribu oda za wateja kumi kwa kila lugha, uone.

Kinachoamua zaidi ni kama maneno ya wateja wako yamo ndani. Mteja wa Jinja akiandika "rolex mbili bila nyanya", anataka chapati mbili zilizoviringishwa na mayai, hataki saa ya mkononi. Akiandika "posho na maharage" anataka ile ambayo Mkenya na Mtanzania wataiita ugali. Katika Kiswahili cha kwingine posho ni mgao au malipo ya kujikimu. Viweke hivyo kwenye maelezo ya kigezo cha chakula, kila kimoja na maana yake, pamoja na majina ya Kiganda na Kisoga ambayo wateja wanayatumia. Mke wako anayajua yote bila kufikiri. Mkae naye meza moja usiku mmoja, yeye ataje, wewe uandike.

Na jambo la kimwalimu: kitu kimoja kiwe na jina moja. Ukimwita mtu "mteja" kwenye zana ya oda na "mlaji" kwenye zana ya malipo, wakala atadhani ni watu wawili.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mstaafu wa shirika la usafirishaji, naishi Busia. Vijana wangu wana programu ya kufuatilia malori mpakani. Wanasema hakuna haja ya kuandika maelezo, wakala atayaandika mwenyewe kwa kusoma msimbo. Wananidanganya?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hawakudanganyi. Wakala anaweza kusoma msimbo akatoa rasimu nzuri, na mimi mwenyewe huanza hivyo ninapokuta programu ya zamani isiyo na maelezo. Rasimu itaeleza msimbo unafanya nini. Haitaeleza kwa nini hali ya "limefika" huwekwa lori linapoingia yadi na siyo linapovuka mpaka, wala kwamba "mzigo 0" maana yake karani hakupima, na si kwamba lori ni tupu. Mambo hayo hayamo kwenye msimbo. Yamo vichwani mwa makarani wa yadi, na baadhi yamo kichwani mwako, mzee.

Waambie vijana waanze na rasimu ya wakala, kisha waichape na kuipeleka yadini. Wakae na karani wa zamu ya usiku, kwa kuwa yeye ndiye anayekutana na mambo yasiyo ya kawaida, wamsomee mstari kwa mstari, na wamwombe awakatize. Masahihisho yake yaingie kwenye maelezo siku hiyo hiyo, na maelezo yakae faili moja na msimbo, ili atakayebadilisha maana ya "limefika" mwaka kesho ayakute mbele ya macho yake. Kama muda wao ni mchache, waanze na zana ile inayoruhusu lori kuondoka.